Mbwa wa kulinda kondoo wachache: kipi kina uzito, mbegu au malezi?

#1 Sufu Nyeupe
Habari wakuu. Naomba tujadili kwa kina mbwa wa kulala na kondoo, si mbwa wa kubwekea geti. Kundi ni kondoo 22: majike 18, dume mmoja na watatu wanaokua. Malisho yamezungushiwa waya wa matundu wenye kimo cha mita 1.2, usiku wanaingia zizini. Adui ni mbweha na mbwa wanaozurura, mara mojamoja fisi.

Ukiuliza unatajiwa orodha: Kangal, Akbash, Maremma, Pyrenees, Komondor. Mwingine anakuja anasema hata wa kienyeji anatosha akilelewa zizini. Sasa: mbegu ipi? Dume au jike? Mmoja au wawili? Mtoto, au mkubwa aliyekwisha kuzoea kazi?

#2 Kola ya Miiba
Kangal. Uzi ufungwe.

#3 Mama Malisho
Kola usitufungie uzi, hata watu hawajaingia. Kangal ametoka nyanda za juu za Uturuki, anatembea na mamia ya kondoo na mchungaji pembeni. Dume ana kilo 50 hadi 65. Ukimweka kwenye waya wa mita 1.2 na kondoo 22 ataona kazi imeisha saa mbili asubuhi, aruke, akatafute eneo lingine la kulinda. Kwa kundi dogo la ndani ya uzio chukua Maremma au Pyrenees, wale hukaa karibu na kondoo.

#4 Mbishi Mkongwe
Nusu sahihi, nusu hapana. Maremma ndiyo, anasifika kwa kung'ang'ania kundi. Ila Pyrenees kukaa karibu? Huyo ndiye mzururaji wa kutajwa kwanza. Kwa asili yake analinda eneo pana, anazunguka mpaka anakoona yeye mpaka uko. Uzio ukiwa na upenyo chini, asubuhi utamkuta kwa jirani.

Maremma mfano wake mzuri ni kisiwa cha Middle Island, Warrnambool, Australia. Mbweha wekundu walikuwa wanavuka maji yakipwa na kuwamaliza pengwini wadogo. Mwaka 2006 wakapeleka Maremma, pengwini wakaanza kuongezeka. Kama anaweza kuzoeshwa ndege asiyejua hata kufuatana, kondoo watamshinda?

#5 Kola ya Miiba
Na mimi naleta wangu. Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund wanawapa wafugaji mbwa wa Kituruki tangu 1994, kwa ajili ya duma na chui. Nchi ya joto, miiba, hakuna theluji. Manyoya mafupi, hana haja ya kuchanwa. Peleka Pyrenees kule uone kama hutashinda unamtoa mbegu za majani zinazonasa kwapani.

#6 Kijiti Shingoni
Mnabishana mbegu, mtoa mada kauliza pia malezi. Kwangu malezi ndiyo kwanza.

Mtoto wa mbwa ana dirisha la kuzoea viumbe, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 12, wengine wanaenda mpaka 16. Anachokaa nacho wakati huo ndicho anachokihesabu kuwa ndugu. Akikaa na watoto wa nyumbani na mpira, atalinda baraza. Akikaa na kondoo, atalinda kondoo. Raymond na Lorna Coppinger, walioanzisha mradi wao Hampshire College huko Massachusetts miaka ya 1970, waligawa mamia ya mbwa kwa wafugaji na hili ndilo walilosisitiza.

Hata Charles Darwin alipopita Uruguay mwaka 1833 alieleza hivyohivyo: mtoto wa mbwa anatolewa kwa mama yake mdogo kabisa, ananyonyeshwa na kondoo mara tatu au nne kwa siku, anatandikiwa sufu zizini, haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala watoto, na mara nyingi anahasiwa. Hapo hakuna jina la mbegu. Wanavajo wa Marekani nao wamelinda kondoo kwa mbwa machotara wa kawaida kabisa, waliozaliwa na kukulia zizini.

#7 Mama Malisho
Kijiti, ya Uruguay ni kweli ila usiyaige yote. Kumtoa mtoto kwa mama kabla ya wiki 7 kunamnyima adabu ya meno. Mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha kuuma bila kuumiza. Akikosa hilo anakuja kulijifunzia kwenye masikio ya wanakondoo. Wiki ya 8 ndiyo nzuri, mradi wamezaliwa bandani wakisikia na kunusa kondoo tangu wafumbue macho.

#8 Mbishi Mkongwe
Na malezi peke yake hayatoshi. Chukua mtoto wa Border Collie, mlaze na kondoo tangu wiki ya 5. Akifika miezi sita atawakazia macho, atawanyatia, atawakimbiza. Umempa ndugu, hukumuondolea uwindaji.

Uwindaji wa mbwa ni ngazi: kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua. Wa kuchunga wamekuzwa kwenye ngazi za mwanzo. Wa kulinda wamechaguliwa kwa karne nyingi hadi ngazi hizo zote zimefifia. German Shepherd, Rottweiler, Boerboel, hao wanalinda mtu na mali. Sikatai kuwa ni walinzi, ila kondoo akikimbia mbele yao kuna kitu kinawaamka.

#9 Sufu Nyeupe
Nashukuru, nasoma. Vipi huyu wa kienyeji? Maana ndiye anayepatikana.

#10 Zizi la Chini
Wa kienyeji anafaa kwa masharti. Botswana, shirika la Cheetah Conservation Botswana linawatumia mbwa wa Tswana, wa kienyeji kabisa, na wanafanya kazi kwenye mbuzi na kondoo. Faida: anakula kidogo, amezoea joto na magonjwa ya hapo, hana shida ya nyonga kama hawa wa kilo 60.

Masharti:
- Mama yake asiwe mbwa wa kuwindia. Ukiona ukoo unapelekwa porini kufukuza sungura, achana nao.
- Angalia mbwa wakubwa wa ukoo huo kuku wakipita. Anayegeuza kichwa na kulala tena ndiye unayemtaka. Anayesimamisha masikio na kukaza shingo, hapana.
- Umbo la angalau kilo 20 hadi 25, maana mbweha anatishwa na sauti, ila kundi la mbwa wanaozurura halitishwi na sauti peke yake.

Kwa fisi, wa kienyeji mmoja ni king'ora tu. Ataamsha watu, wengine mtamalizia.

#11 Kola ya Miiba
King'ora na yeye ndiye kitoweo.

#12 Zizi la Chini
Kangal wako mmoja mbele ya fisi wanne naye ni kitoweo, tofauti ni kilo tu.

#13 Dokta wa Zamu
Kabla hamjaendelea kupimana kilo. Huyu mbwa anafanya kazi hasa kwa kubweka, kuweka harufu yake mipakani na kumkatiza adui kabla hajaanza. Kupigana ni hatua ya mwisho, na kila pigano lina mshono. Ukiona mbwa wako anapigana kila wiki, ujue idadi haitoshi au zizi ni bovu.

Sasa ya kitabibu, kwa kuwa hakuna aliyeyagusa:

Chanjo ya distempa na parvo inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Kichaa cha mbwa akifikisha wiki 12, kisha baada ya mwaka. Msiseme "yupo zizini tu hakutani na mbwa". Kazi yake ndiyo hiyo, kukutana na mbwa wasiojulikana na mbweha.

Minyoo tegu. Huyu analala na kondoo na atakula kitakachoangukia hapo. Akila ini au pafu lenye malengelenge ya Echinococcus, tegu anakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi kwenye nyasi, kondoo wanakula, na wewe unayemshika manyoya unayapata mkononi. Malengelenge kwa binadamu hukua kwenye ini na mapafu kwa miaka bila dalili. Tegu mwingine, Taenia multiceps, lengelenge lake linakaa kwenye ubongo wa kondoo: unamwona anazunguka upande mmoja, kichwa kimeinama, mwisho anakufa. Dawa ni prazikwanteli kila wiki 6, kwa uzito wa mbwa uliopimwa, usikadirie kwa macho. Na matumbo yasitupwe mbichi hata siku moja. Ini na mapafu kama lazima ale, chemsha dakika 30 au zaidi.

#14 Mama Malisho
Asante dokta. Ongeza na ya aivamekitini, ile dawa ya minyoo ya kondoo.

#15 Dokta wa Zamu
Ndiyo. Dozi ya kondoo ni sumu kwa mbwa mwenye kasoro ya jeni ya MDR1, inayojulikana sana kwa Collie na jamaa zake. Anaweza kuipata kwa kulamba dawa iliyomwagika au kula kinyesi cha mnyama aliyetoka kupewa. Anayumba, anatoa mate, mboni zinapanuka, anapofuka kwa muda, anazimia. Mbegu za kulinda hazitajwi sana kwenye kasoro hii, lakini ukinunua chotara hujui babu yake alikuwa nani. Siku ya kunyweshea kondoo, mbwa afungwe mbali na dawa iliyomwagika ifukiwe.

#16 Kijiti Shingoni
Narudi kwenye kuchagua. Watu wanakwenda kuangalia watoto wa mbwa, wanampenda anayekuja mbio kulamba viatu. Huyo ni wa nyumbani. Na anayejificha kona anatetemeka naye mwache, mwoga akikua huuma. Chukua wa katikati: anakuja, ananusa, anaondoka zake.

Lakini kabla ya watoto, omba kumwona mama yake akiwa ndani ya kondoo. Mwenye mbwa akikuambia "mama amefungwa leo", geuka. Mama mzuri anaingia kichwa kikiwa chini, masikio yamelala, hakazi macho, anapita pembeni ya kondoo badala ya katikati yao, akifika analala. Kondoo nao wasome: wakiendelea kucheua, mama ni salama. Wakijikusanya na kusimamisha vichwa, wanajua wanachokijua.

#17 Pembe Moja
Hiyo ya kondoo kucheua haipimi sawa. Kondoo waliozoea mbwa wa kulinda hawaogopi mbwa yeyote. Ukiwa na mbwa wa kuswagia utajuta, maana baada ya miezi kadhaa wanamwangalia tu, hawajikusanyi tena. Hilo limo kwenye gharama ya kuwa na mlinzi na hakuna anayelisema.

#18 Kijiti Shingoni
Point. Basi mpime kwa kondoo wageni.

#19 Sufu Nyeupe
Mtoto akishafika wiki ya 8, anawekwaje? Ninaogopa dume langu, ana pembe na hasira.

#20 Mama Malisho
Dume atolewe kabisa hapo. Pigo moja la kichwa linavunja mbavu za mtoto wa mbwa. Utaratibu:

Tenga zizi dogo, kama mita 6 kwa 6. Weka majike watulivu watatu au wanne, waliozaa mara mbili au zaidi, wasio na wanakondoo wachanga. Kwenye kona jenga kijichumba cha mbao cha mita 2 kwa 2, chenye tundu la chini ambalo mtoto anapita na kondoo hapiti. Humo ndimo kuna maji yake, chakula chake na pa kukimbilia akipigwa. Lazima apigwe kidogo, ndiyo shule yenyewe, ila awe na pa kukimbilia.

Siku za mwanzo analia usiku. Usimchukue. Ukimpeleka jikoni usiku mmoja, umemfundisha kilio kinafungua mlango.

Chakula mara tatu kwa siku mpaka miezi minne, kisha mara mbili. Mbegu kubwa hazitakiwi kukua haraka. Usimwongezee unga wa mifupa wala kalsiamu juu ya chakula kilichokamilika, miguu inapinda na viungo vinaharibika. Mbavu zishikike kwa vidole bila kubonyeza. Akikomaa, mbwa wa kilo 50 anakula kama gramu 600 hadi 800 za chakula kikavu kwa siku, zaidi kukiwa na baridi.

#21 Zizi la Chini
Hapo pa chakula ongezea: kondoo wasifikie bakuli la mbwa. Chakula cha mbwa kina shaba ambayo mwili wa kondoo hauistahimili, inajikusanya kwenye ini polepole, kisha siku moja anakojoa mkojo mwekundu na kufa. Halafu mbwa akiona kondoo anamsogelea bakulini, ndipo anapouma. Wengi wanasema "mbwa kaua kondoo bila sababu", kumbe kondoo alikutwa hatua moja kutoka kwenye sahani.

#22 Mbishi Mkongwe
Hapo umefungua jambo. Kwa nini mbwa wa kulinda anaua wanakondoo? Kila mtu na jibu lake. Mimi nasema ni umri na mchezo. Kati ya miezi 5 na 14 ana mwili wa mbwa mkubwa na akili ya mtoto. Anataka mchezo, ndugu zake hawapo, anamkuta mwanakondoo anayeruka. Anamshika sikio, mkia, anavuta sufu. Mwanakondoo anakufa kwa hofu na kuchoka, mara nyingi hana hata jeraha la maana.

#23 Kola ya Miiba
Ni njaa. Mbwa hapewi chakula, mnataka alinde nyama.

#24 Mama Malisho
Njaa ingekuwa sababu, angekula. Mara nyingi mwanakondoo anakutwa mzima, amelowa mate tu. Mimi naona ni upweke na kukosa wa kumkanya. Mbwa mkubwa akiwepo anamkoromea mdogo siku ya kwanza, na mchezo unaishia hapo.

#25 Dokta wa Zamu
Wengine wanaua wakiwa na nia njema kabisa. Jike anazaa, mbwa mchanga wa kazi anavutwa na kondo la nyuma, analila, kisha anaanza kumlamba mwanakondoo. Mama anashindwa kumnusa mwanawe, anamkataa. Mbwa anaendelea kulamba, mkia unatafunika, kitovu kinavutwa. Haikuwa njaa wala mchezo. Mbwa wa chini ya miezi 18 nashauri msimu wa kuzaa awe upande wa pili wa waya, anaona na kunusa, haingii bila wewe. Na kondo ziokotwe.

#26 Mbishi Mkongwe
Dokta hiyo ni ya siku za kuzaa tu. Wa miezi miwili wanaokimbizwa mchana je?

#27 Pembe Moja
Ukoo. Ukiona anakimbiza baada ya kukanywa mara kadhaa, kuna collie au mbwa wa mbio kwenye damu. Hamtaki kusema kwa sababu mmeshalipia.

#28 Kijiti Shingoni
Au ni kukosa kijiti, ndiyo maana nimejiita hivi 😄

Anayekimbiza, mfunge kijiti kwenye kola kwa mnyororo mfupi. Mti wa sentimita 40 hivi, umefungwa katikati ili ulale kwa upana, uning'inie juu kidogo ya magoti ya mbele. Akitembea, haumsumbui. Akikimbia, unampiga magotini. Anajifunza kuwa kukimbia katikati ya kondoo hakuna raha. Wiki tatu au nne, kisha unatoa unaangalia, akirudia unarudisha. Kola ipite vidole viwili. Na asiachwe na kijiti karibu na waya wa matundu bila mtu, kinanasa.

#29 Mama Malisho
Kijiti kinaondoa dalili, hakimwongezei mwalimu. Bora kondoo majike wawili wakali wasio na watoto, akae nao. Watamnyoosha.

#30 Kijiti Shingoni
Na kama majike wote ni wapole? Kila mmoja na zana zake, bi mkubwa.

#31 Sufu Nyeupe
Naona hatujafika kwenye mmoja au wawili.

#32 Zizi la Chini
Kwa mbweha na kondoo 22, mmoja. Kukiwa na fisi au kundi la mbwa, wawili, maana mmoja atavutwa upande mmoja huku wengine wakiingia upande wa pili. Pia mmoja hapati usingizi, anazeeka haraka.

Lakini usinunue wawili kwa pamoja, hasa wa tumbo moja. Wanashikamana wao kwa wao, kondoo wanakuwa mchezo wa watu wawili. Anza na mmoja, subiri afike miezi 18 hadi 24 awe anaaminika, ndipo ulete mdogo. Dume na jike wanaelewana kuliko dume na dume au jike na jike.

#33 Mbishi Mkongwe
Na wa pili atajifunza yote ya wa kwanza. Wa kwanza akiwa mzururaji, utakuwa na wazururaji wawili. Kama wa kwanza ana kasoro, mrekebishe au mwondoe kabla ya kuleta mwanafunzi.

#34 Pembe Moja
Mnasahau punda. Hahitaji mafunzo ya miezi 24, anakula nyasi zilezile, anaishi miaka 25 na zaidi, na anachukia jamii ya mbwa kwa kuzaliwa.

#35 Dokta wa Zamu
Punda ni mzuri kwa mbweha mmoja au mbwa mmoja. Awe jike au dume aliyehasiwa, na awe peke yake. Wakiwa wawili wanakaa pamoja na kuwaacha kondoo. Dume asiyehasiwa anaweza kuua wanakondoo kwa kuwang'ata na kuwarusha. Kwa fisi na chui hafai, yeye mwenyewe ni windo. Halafu angalieni chakula cha nyongeza cha kondoo: kikiwa na monensini, dawa inayochanganywa kwenye chakula cha mifugo, dozi ambayo kondoo haimdhuru inaua moyo wa punda. Kwato zake nazo zinakatwa kila wiki 6 hadi 10, msidhani hana matunzo.

#36 Kola ya Miiba
Ukimweka punda halafu baadaye ukaleta mbwa, punda atamkanyaga mbwa. Chagueni moja.

#37 Pembe Moja
Wanazoeshana, polepole, waya katikati. Ila sikatai kuwa ni kazi.

#38 Mama Malisho
Turudi kwa mbwa. Dume au jike: kwa ulinzi hakuna tofauti kubwa, wote wanafanya kazi. Tofauti ni usumbufu. Jike asiyefungwa kizazi akiwa kwenye joto anakuletea kila mbwa dume wa eneo ndani ya malisho, yaani unajiitia adui mwenyewe. Dume asiyehasiwa anafuata harufu ya jike kilomita kadhaa na kondoo anawaacha. Hasini wote, kama huna mpango wa kuzalisha.

#39 Dokta wa Zamu
Kwa umri gani? Mbegu kubwa msiwahi. Homoni zinasaidia mifupa kufunga. Miezi 12 ndiyo mapema, 18 ni bora zaidi kwa mbwa wa kilo 50. Wa kienyeji wa kilo 20 anaweza mapema zaidi.

#40 Zizi la Chini
Dokta, kwa wenye majike mawili matatu ya mbwa jirani, miezi 18 ni mingi. Dume anaanza kuruka uzio akiwa na miezi 9, na tabia ya kuruka ikishaingia, kisu hakiitoi. Mimi nasema bora mfupa upungukiwe kidogo kuliko mbwa agongwe barabarani.

#41 Dokta wa Zamu
Au uzio uongezwe kimo. Mita 1.2 ni ya kondoo, si ya mbwa. Weka waya mmoja wa umeme juu, mwingine sentimita 20 kutoka chini upande wa ndani. Afundishwe akiwa mdogo, akiwa wa miezi mitatu aguse mara moja kwa pua, ataheshimu uzio maisha yake yote. Ukingoja awe na kilo 45 ameshajua kuwa uzio unapitika.

#42 Kola ya Miiba
Swali la pembeni: hivi kwa nini wengi ni weupe? Maremma, Pyrenees, Akbash, Kuvasz, Komondor.

#43 Mbishi Mkongwe
Wanasema mchungaji amtofautishe na mbwa mwitu usiku, asimpige kimakosa. Wengine wanasema ni ili afanane na kondoo, adui ashtukizwe. Kangal wako wa rangi ya mchanga na uso mweusi anazivuruga nadharia zote mbili.

#44 Pembe Moja
Kangal ni Anatolian kwa jina lingine, siyo?

#45 Kola ya Miiba
Inategemea unamuuliza nani. Kangal ni wilaya ya mkoa wa Sivas, na Waturuki wanamhesabu kuwa mbegu yake mwenyewe. Huko nje walichanganya mbwa wa Kituruki wa sehemu mbalimbali wakawaita Anatolian, wa rangi zote. FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, mwaka 2018 wakabadilisha jina la Anatolian kwenye orodha yao kuwa Kangal, na kelele hazijaisha. Kwa mnunuzi maana yake ni hii: usinunue jina, uliza wazazi walifanya kazi wapi.

#46 Kijiti Shingoni
Kola leo kasema "uliza wazazi walifanya kazi wapi". Wekeni kumbukumbu.

#47 Sufu Nyeupe
😂 Nimeelewa mengi. Jambo moja: je, mbwa asizoeshwe watu kabisa? Nimesikia ukimshikashika anaharibika.

#48 Mama Malisho
Hiyo ni ya zamani na imeleta mbwa wasioshikika. Mbwa usiyeweza kumkamata hatachanjwa, hatapewa dawa, na akiumia utamwangalia akifa kwa mbali. Anatakiwa akubali mambo matano: kuvaa kola, kutembea kwa kamba, kufungwa nguzoni nusu saa, kupanda gari, na kuguswa mdomo, masikio na miguu. Kila siku dakika kumi, ndani ya zizi, mbele ya kondoo. Ukimaliza unaondoka, yeye anabaki. Anayeharibika ni yule anayeshikwashikwa barazani.

Miguu hasa: Pyrenees ana kucha za ziada mbili kwenye kila mguu wa nyuma. Hazigusi ardhi, haziliki, zinakunja na kuingia kwenye nyama. Zikatwe kila mwezi.

#49 Zizi la Chini
Na manyoya msinyoe wakati wa joto, yanamkinga na jua. Kata yaliyojisokota tu: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia. Hapo ndipo nzi wanataga.

#50 Sufu Nyeupe
Tundu la chakula lisiloruhusu wanakondoo likoje? Lile la chini la Mama Malisho, wanakondoo si watapita?

#51 Mama Malisho
Watapita, lile ni la zizi lenye mtoto wa mbwa na majike wakubwa tu. Mbwa akikua, tundu linapanda juu: sentimita 40 kutoka chini, lenye upana wa 40 na kimo cha 45. Mbwa anaruka ndani, mwanakondoo hafiki. Weka jiwe au tofali upande wa nje akiwa bado mfupi, kisha uliondoe.

#52 Pembe Moja
Mwanakondoo wa miezi mitatu anaruka sentimita 40 bila kutoa jasho. Kwangu chakula kinaliwa kwa dakika ishirini nikiwa nimesimama hapo, bakuli linaondoka na mimi.

#53 Zizi la Chini
Pyrenees na Maremma wengi hawamalizi kwa dakika ishirini, wanakula usiku. Ukiondoa bakuli atakonda, kisha atakuja Kola kusema ni njaa.